Kamera ilikuwa kwenye M siku Baba mdogo alipocheka

Wakuu, salamu kutoka Kindu, mkoa wa Maniema, upande wa Kongo.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, hasa jukwaa hili la picha na kamera. Huwa napita, nachukua elimu yangu, naondoka bila hata kugonga like. Leo naandika mwenyewe. Haya yamenitokea mimi na mama yangu, sijaongeza chumvi popote, na atakayeona ni ya kutunga ana ruhusa yangu kabisa ya kuendelea na shughuli zake.

Kiswahili changu mtanivumilia. Huku tuna cha kwetu, na pale watu wanapoongea nitaacha maneno yao kama walivyoyasema; mkikuta "njo", hiyo ni "ndiyo" au "ndiye" yenu.

Kilichonisukuma ni ule uzi wa juzi. Kijana kanunua kamera, kauliza kwa adabu tu, "Wakuu, nipige kwa mode gani?" Majibu yakawa yale yale ya siku zote. Auto ni ya watoto. P ni ya waoga. Mwanaume anapiga kwenye M.

Nilipoyasoma nilizima simu kwa hasira. Baadaye nikaiwasha tena, kwa sababu aliyejibu vile hakuwa amenikosea kitu. Maneno hayo hayo mimi niliyaamini.

Nianze na vita kidogo. Bila hiyo hamtaelewa kwa nini picha moja tu inaniuma hivi.

Miaka ya vita nilikuwa shule ya msingi. Kindu imekatwa na mto. Sisi tulikaa upande wa mjini, na shamba letu lilikuwa ng'ambo, baada ya Alunguli. Ikafika wakati mji ukafungwa. Walioshika mji wana silaha zao, walioko msituni wana silaha zao, na sisi tuko katikati na njaa yetu. Ukivuka mto unahesabiwa msaliti, na usipovuka hakuna cha kuweka kwenye sufuria.

Baba alivuka. Alisema anakwenda kuchimba mihogo arudi. Hakurudi, na mpaka leo hatuna kaburi lake. Hapo sitarefusha.

Sebuleni kulikuwa na picha yake ukutani. Ilipigwa na mzee mmoja aliyekuwa na studio karibu na soko, enzi za filamu, na kwa bahati ilimkuta baba anacheka. Sisemi tabasamu. Baba alikuwa anacheka na mabega, kichwa kinakwenda nyuma, jicho moja linafunga kabisa. Enzi zile watu walipiga picha wamekaza uso kama wanasubiri sindano, kwa hiyo mgeni akiingia kwetu lazima aulizie ile picha.

Tatizo lilikuwa koti. Siku ile baba alivaa koti la mitumba la rangi ya khaki, lenye mifuko mikubwa kifuani.

Wenye silaha walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba. Wakiona picha ukutani wanauliza, huyu ni nani, na sasa yuko wapi? Utajibu nini? Yuko ng'ambo? Jirani yetu alichapwa mbele ya watoto wake kwa sababu ya picha ya mdogo wake aliyevaa kofia tu, kofia ya kawaida. Kuanzia hapo mtaa mzima ukashusha picha. Wengi walichoma.

Mama hakuweza kuchoma. Alizikusanya zote, ile ya ukutani na za kwenye albamu, akazifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akazitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga, akachimba jikoni chini ya mafiga na kufukia. Alichagua pale akijua moto utapakausha, unyevu usifike.

Vita vilipoisha tukafukua. Joto la juu na maji ya chini vilikuwa vimeshafanya kazi yao. Picha zote ziligandana zikawa kitu kimoja kama mkate. Tukijaribu kubandua, sura ya huyu inabaki kwenye mgongo wa picha ya yule. Ya baba tulipata kipande chenye viatu.

Mama hakulia siku ile. Aliuliza tu kama kuna fundi wa kuzirudisha. Alirudia swali hilo miaka mingi, kila akisikia mtu anakwenda Goma au Kisangani.

Sasa wakuu, nisiwadanganye kwamba hiyo ndiyo sababu nikawa mpiga picha. Nilikuwa mpiga picha kwa sababu sikupata kazi nyingine.

Nilianza na kamera ndogo ya mfukoni, Auto mwanzo mwisho. Harusi, ubatizo, watoto wa shule wakimaliza darasa la mwisho, mtu na pikipiki yake mpya. Picha zilikuwa za kawaida, lakini kila mtu alipata sura yake akaenda nyumbani.

Baadaye nikapata kamera kubwa, iliyotumika, kupitia jamaa aliyekuwa anarudi kutoka Goma. Ile yenye kigurudumu juu, chenye herufi. Hapo ndipo nikaanza kuwasoma ninyi.

Na nilijifunza kweli, sitakataa. Nilijua kwamba A unaitumia unapotaka kuchagua aperture mwenyewe: ukifungua lensi sana, sura inabaki safi na nyuma kunakuwa na ukungu. Nilijua kwamba S ni ya vitu vinavyokimbia: unashika shutter speed, unagandisha mpira hewani au mchezaji ngoma aliyeruka. P kamera inakupangia mwanga lakini inakuachia mengine. Na M ni wewe na Mungu wako, kamera haikusaidii chochote.

Mimi basi, M ikawa kanisa langu. Mteja akiniona nazungusha vigurudumu huku nimekunja uso anajua huyu ni fundi. Nikanunua na ile fulana ya wapiga picha yenye mifuko kila mahali. Nilikuwa najiona.

Ikaja harusi ya mdogo wangu, Riziki. Alikuwa anaolewa na kijana wa hapa hapa mjini, familia yake ni wafanyabiashara waliotoka Kivu Kaskazini zamani. Watu wa kwetu wangetoka kila upande, na Baba mdogo Shabani angekuja kutoka Kibombo.

Huyu Baba mdogo ni mdogo wake baba, tumbo moja. Mkulima wa mpunga, mtu wa maneno machache. Baada ya vita alikuwa mkimya zaidi. Ila akipatikana akacheka, anacheka na mabega, kichwa nyuma, jicho moja limefunga.

Mmeshaanza kuelewa.

Siku chache kabla ya harusi mama aliniita uani. Alikuwa anapepeta mchele, hakuacha kupepeta wakati anaongea.

"Shabani anakuja," alisema. "Sura yake haifanane sana na ya baba yako. Lakini vile anachekaka, njo baba yako kabisa."

"Najua, mama."

"Nataka foto yake. Peke yake, muntu mwengine asikuwe ndani. Na akuwe anacheka."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo, nitamkalisha kwenye kiti nimpige.

"Hapana. Usimukalishe. Ukimukalisha atakaza uso, na atauliza ile foto ni ya nani. Asijue kama ni miye nilikutuma. Muntu yote asijue."

Najua mtaniuliza, kwa nini mjane asimwombe tu shemeji yake picha? Mnaona ni jambo la dakika moja.

Huku kwetu si la dakika moja. Baba alipokosekana, wazee wa ukoo walikaa wakasema Shabani amrithi mama, ndiyo desturi, mdogo anachukua nyumba ya kaka yake. Mama alikataa, na Baba mdogo mwenyewe alikataa. Lakini maneno hayakuisha. Mke wa Baba mdogo kule Kibombo aliumia nayo miaka, kila shemeji akija Kindu kusalimia, watu wanahesabu amekaa siku ngapi. Kwa hiyo hao wawili walijiwekea mpaka wao. Utani wa shemeji mbele za watu, sawa, huo unaruhusiwa na hata unapendeza. Lakini mjane aombe picha ya mdogo wa mumewe aiweke chumbani kwake? Hiyo ingekuwa imesema kitu, na yule mama wa Kibombo angekisikia kabla ya jua kuzama.

Nikamuuliza mama, na kama siku hiyo hatacheka?

"Hiyo ya kumuchekesha, uniachie miye," alisema, akaendelea na mchele wake.

Mama yangu hajawahi kuniomba kitu cha kazi yangu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Siku ya harusi nilianza vizuri mno. Asubuhi nyumbani, Riziki anavalishwa karibu na dirisha, nikaweka A, lensi wazi, mwanga laini wa pembeni. Zile picha mpaka leo watu wanaziweka kwenye status. Msafara wa pikipiki ukatoka, nikaweka S, nikazigandisha na vumbi lake. Nilikuwa natembea kama mtu mrefu.

Tukaingia ukumbini. Ukumbi ule una giza, mapazia mekundu mazito, taa za jenereta zinazopumua. Hapo nikaweka M. Na nilikuwa sahihi, hilo naomba niseme. Ndani ya ukumbi mwanga haubadiliki, ukishapanga umepanga. Nikapandisha ISO juu sana ili kamera inase hata mwanga mdogo, shutter nikaipunguza kasi, lensi wazi mpaka mwisho. Picha zikatoka safi bila flash.

Wakati wa chakula watu wakamwagika nje, uwanja wa nyuma ambako akina mama walikuwa wanapika. Jua la Kindu baada ya mvua mnalisikia tu. Linapiga kwenye mabati, kwenye mashati meupe, kwenye maji yaliyotuama.

Nikatoka na kamera shingoni, natafuta kivuli.

Baba mdogo alikuwa amesimama peke yake karibu na pipa la maji, ananawa mikono. Kofia nyeupe, kanzu nyeupe. Nyuma yake ukuta mtupu. Hata kama ungepanga usingepata hivyo.

Ndipo nikamwona mama anakuja na sahani ya wali na sombe, kisamvu chenu. Alikuwa ameibeba yeye mwenyewe ile sahani, na wasichana wa kubeba walikuwa tele. Alipita karibu yangu bila kuniangalia, ila alikohoa kidogo. Nikajua.

Kuna kisa kimoja cha familia. Zamani, baba na Baba mdogo walikuwa vijana, wanasukuma baiskeli, au kinga tunavyoiita, yenye gunia la mchele kutoka Kibombo. Walipofika kwenye daraja la gogo baba akasema tushike wote tuvuke polepole. Shabani akasema yeye ni mwanaume, akapanda. Akaingia mtoni na gunia lake. Alifika kwa wenyewe ameloa, watu wamekasirika, akawaambia nimewaletea mchele uliokwisha kuoshwa.

Kisa hicho baba alikuwa akikisimulia hamalizi, kicheko kinamkata. Tangu akosekane hakuna aliyekigusa. Sisi tuliona kama kimekwenda naye.

Mama akamfikia, akamnyoshea sahani kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, na akasema kwa sauti ili kila mtu asikie ni utani:

"Kula bila woga, shemegi. Mchele ya leo hatukuiosha ndani ya mto na kinga yote."

Baba mdogo alibaki ameduwaa kidogo. Nafikiri alikuwa anamtafuta aliyesema, kwa sababu hakutegemea litoke kwake.

Halafu akacheka.

Wakuu, nilimwona baba. Sina namna nyingine ya kuisema. Mabega, kichwa, lile jicho. Nilikuwa na umri wangu huu wote na ndevu, na nikamwona baba yangu amesimama kwenye pipa la maji.

Nikasogea mbele, nikainua kamera, nikabonyeza nikashikilia. Ikapiga mfululizo mpaka kicheko kikaisha. Kwenye tundu la kuchungulia kila kitu kilionekana sawa, maana kamera ya aina yangu tundu linakuonyesha dunia ilivyo, halikuonyeshi picha itakavyotoka. Kuna kile kipimo cha mwanga pale chini, kilikuwa kimekwenda upande wa kujumlisha mpaka mwisho kinawakawaka. Nilikiona. Sikukisoma.

Jua lilikuwa kali, kioo cha nyuma hakionekani. Sikuangalia.

Mama aliponipita kurudi jikoni aliniuliza kwa sauti ndogo, "Umekamata?"

"Nimekamata."

Mpaka jioni alikuwa anaimba. Wageni walidhani anafurahia harusi ya binti yake, na kweli alikuwa anafurahia hiyo pia.

Nilipofika nyumbani nikazimwaga picha kwenye laptop. Za asubuhi, nzuri. Msafara, nzuri. Ukumbi, nzuri. Kisha zikaja nyeupe.

Siyo zilizozidi mwanga kidogo. Nyeupe tupu, kutoka kona mpaka kona. Nilikuwa nimetoka gizani na mipangilio ya gizani, nikampiga mtu mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta kwenye jua la saa saba. Nilikuwa nimesahau kwamba M haikumbuki chochote kwa niaba yako. Na nilikuwa napiga JPEG ili kadi isijae haraka, ingawa kwa mwanga uliozidi kiasi kile hata RAW, yale mafaili mazito yanayotunza kila kitu, isingeniokoa.

Nikavuta kila kitelezi kwenye software ya kurekebishia picha. Nyeupe ikawa kijivu, kijivu bila mtu.

Sikutaka kumwambia mama nikiwa nalia, kwa hiyo nilimwambia kesho yake asubuhi. Nikamwonyesha. Aliangalia kioo muda, akakipangusa na ncha ya kitenge, akidhani ni vumbi.

"Haiko muntu," alisema.

"Haiko, mama."

"Basi jua ilimumeza."

Nikamwambia siyo jua, ni mimi, kuna kitu cha kuzungusha sikukizungusha. Akaniuliza kama ile kamera yangu ndogo ya zamani nayo ingemezwa. Sikutaka kujibu, lakini aliniangalia mpaka nikajibu. Hapana, ile isingemezwa. Ile ingejirekebisha yenyewe kabla sijafikiria.

Akarudi jikoni. Afadhali angenitukana.

Baba mdogo alikuwa anaondoka asubuhi hiyo hiyo, pikipiki iko mlangoni. Nikamkimbilia na kiti. Baba mdogo, nikamwambia, nataka picha yako ya kumbukumbu ya harusi. Akakaa. Viganja juu ya magoti, shingo wima, uso kama yuko mbele ya komanda. Nikajaribu kumchekesha, nikakigusa hata kile kisa cha mchele. Akanikatiza.

"Miye si mutoto wa kuchekesha asubui," alisema. "Piga tuende."

Nikapiga. Safari hii A, kivuli kizuri, nyuma ukungu laini, kila unywele wa ndevu unauona. Kiufundi ni kati ya picha bora nilizowahi kupiga maishani.

Mama aliiangalia mara moja tu.

"Hii njo shemegi," akanirudishia.

Nikajiambia nitakwenda Kibombo. Nitakaa kule wiki nzima, nitamfuata shambani, kwenye kahawa, kwenye mazungumzo, mpaka acheke tena, na kamera itakuwa Auto wallahi. Kila mwezi nilikuwa nakwenda mwezi ujao. Mara mvua, mara barabara, mara kuna harusi ya mtu. Mama hakunikumbusha hata siku moja. Angenikumbusha ningekwenda.

Baba mdogo aliugua muda mfupi tu, akafariki.

Tulikwenda na mama kwenye matanga. Watoto wake waliniomba picha nzuri ya baba yao, nikawapa ile ya kwenye kiti. Wakaichapisha kubwa. Watu wa Kibombo walinishukuru sana, mmoja mmoja, wananishika mkono, fotografe umetufanyia kazi. Kila aliyenishukuru nilitamani aninyamazie.

Jioni moja ya matanga tumekaa na binti yake, Zabibu. Alikuwa anafungua simu yake, kioo kimepasuka, anatuonyesha vitu vya zamani kama watu wanavyofanya wakiwa kwenye msiba. Akasema, hii njo siku ya mariage ya Riziki.

Ilikuwa video. Alikuwa anarekodi chakula. Sufuria, akina mama, sahani zinapangwa. Simu ikageuka, mama anaonekana anatembea na sahani yake. Simu ikamfuata. Pipa la maji likaonekana, Baba mdogo ananawa. Mwanga safi, sura safi. Hajabonyeza chochote huyu binti, ameelekeza simu tu.

Nikamsogelea mama, nikamshika bega.

Kwenye video mama ananyosha sahani. Anasema maneno yake, unayasikia vizuri. Baba mdogo anaduwaa. Halafu, kabla hajacheka, anaingia mtu. Fulana yenye mifuko kila mahali, kamera juu, miguu ameitanua kama fundi. Anasimama katikati kabisa.

Ni mimi.

Nyuma ya mgongo wangu Baba mdogo anacheka. Unakiona kipande cha kofia nyeupe juu ya bega langu kinatikisika. Basi. Mpaka kicheko kinaisha sijasogea, na nikisogea tu yeye ameshachukua sahani na uso umeshatulia.

Mama aliomba irudiwe. Ilipofika pale, aliinamisha kichwa upande, taratibu, kama mtu anayejaribu kuchungulia nyuma ya aliyemkinga. Akainamisha na upande wa pili.

Wakuu, hayo ndiyo yaliyonifanya niandike leo. Kile kichwa cha mama yangu kinatafuta njia ya kunipita mimi.

Somo langu si refu. Anayepiga mahali mwanga hautulii, anaingia anatoka, aache P au Auto ishike kazi, wala asione haya. A ni ya mtu aliyetulia mbele yako na muda unao. S ni ya kinachokimbia. M ni ya pale mwanga umekaa na wewe umekaa, na ukitoka mlangoni irudishe mwanzo kabla hata ya kuvuta pumzi. Piga moja uangalie kivulini, ndipo uendelee. Kipimo kikiwakawaka kinakuambia wewe, hakijipambi.

Na kabla ya mode, angalia umesimama wapi. Nani yuko nyuma yako, na anaona nini?

Kijana wa uzi wa juzi, kama unasoma, weka Auto. Auto ingeniletea baba.

Wengine karibuni mchangie. Kunisema ruksa, najua jukwaa letu. Ila mtu asinishauri habari za programu za kutoa mgongo wangu zitengeneze uso pale nyuma. Nilishajaribu moja. Ilinitolea mzee mzuri tu anayecheka, na hakuna anayemjua.

Zabibu alitutumia ile video. Niliiweka kwenye simu ya mama nikijutia, nikidhani kila siku ataniona pale nimesimama. Lakini haiangalii. Jioni akimaliza kazi anakaa uani, anaibonyeza, anaweka simu sikioni kama mtu aliyepigiwa, anafumba macho, anasikiliza kile kicheko.

Juzi nilipita nikamkuta hivyo. Alinipisha mkekani nikae bila kufungua macho.

"Njo yeye," alisema.